Gereji imekosea oili: chukua hatua kabla injini haijanoki

Kumwaga oili ndiyo kazi rahisi kuliko zote gereji. Ikiharibika, ukubwa wa hasara hutegemea zaidi kilichofichwa kuliko kilichokosewa.

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, ziwe za Gerezani, Ilala au Tegeta, kazi zina ngazi. Fundi mkuu anashika injini iliyofunguliwa na giaboksi. Fundi umeme ana kona yake, wa bodi na rangi ana yake. Gari likiingia kwa sevisi ya kawaida anaitwa spana boi: kijana aliyekaa gereji miezi michache, anayejifunza kwa kutazama, na ambaye kumwaga oili ndiyo kazi ya kwanza anayoachiwa peke yake. Hakuna ubaya katika hilo, maana kila fundi stadi alipitia hapo. Ila kazi hiyo inayohesabiwa kuwa ya chini ndiyo inayogusa kitu pekee kinachozuia chuma kisisage chuma ndani ya injini inayozunguka mara elfu mbili au tatu kwa dakika.

Makosa ya oili yana tabia moja. Yakionekana gari likiwa bado gereji, karibu yote yanamalizwa kwa gasketi, nati au lita moja ya oili. Yakionekana kesho yake barabarani, bei yake ni injini. Katikati ya nyakati hizo mbili kuna mnyororo wa kufichana. Spana boi aliyekata uzi wa nati anamficha fundi mkuu, asije akafukuzwa. Fundi akijua anamficha mteja, asije akadaiwa. Na mteja akiwa dereva wa teksi mtandao anayepeleka hesabu kwa bosi, naye taa nyekundu ikiwaka anamficha bosi, asije akanyang'anywa gari. Anaona bora ammalizie abiria safari kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na injini huumbua haraka kuliko maradhi mengi.

Kwa hiyo mwenye gari anayetaka kujilinda hana haja ya kuwa fundi. Anahitaji kujua makosa yenyewe yanafananaje, ayatafute wapi kabla hajatoa gari getini, na afanye nini yakimkuta yupo njiani.

Nati iliyokazwa kwa nguvu zote

Chukua Toyota IST, gari ambalo hukosi kuliona kwenye foleni yoyote ya jijini. Nyingi zina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, ileile iliyomo kwenye Raum, baadhi ya Vitz na Premio ndogo. Chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, kuna nati inayofunguliwa kwa spana namba 14. Kiwanda kinataka ikazwe kwa nguvu ya karibu niutonimita 38, ambayo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya urefu wa kawaida. Haihitaji kuchomeka bomba kwenye spana wala kutumia mashine ya upepo.

Spana boi anayeogopa isije ikavuja hukaza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Mara nyingi uzi haukatiki siku hiyo. Unachoka. Sevisi inayofuata unachoka zaidi, hadi siku moja nati inazunguka tu bila kukaza, na anayelaumiwa ni fundi aliyeishika mwisho. Ndiyo maana mteja anayehamahama gereji kila sevisi ana kesi ngumu: akidai uzi umekatwa hapa, ataambiwa umekuja nao. Aliyefanya sevisi zote mahali pamoja, na ana risiti zake, hana haja ya kubishana.

Uzi uliokatika una tiba. Fundi anaweza kuchonga uzi mpya na kuweka nati iliyo kubwa kidogo, anaweza kupachika uzi wa chuma ndani ya tundu la zamani, au akabadili sampu nzima. Zote ni kazi halali ikiwa mteja ameambiwa. Kinachotakiwa kumtia mtu wasiwasi ni silikoni iliyopakwa kuzunguka nati, au tepu ya mafundi bomba iliyoviringishwa kwenye uzi. Hiyo si tiba, ni kununua muda. Nati inaweza kushika mwezi mzima, halafu ikadondoka ukiwa umeshapita Chalinze. Na silikoni iliyopakwa ovyo humeguka kwa ndani, vipande vikaenda kuziba chujio linalofyonza oili chini ya sampu. Ukiona utepe mweupe au ute uliokauka kwenye nati yako, uliza kulikoni palepale.

Gasketi mbili

Kosa la pili ni dogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Filta ya oili ya kufunga kwa kuzungusha ina pete ya mpira mweusi mdomoni. Filta ikikaa muda mrefu kwenye joto, pete hiyo hunata kwenye injini. Fundi akifungua filta, kopo linatoka na mpira unabaki. Mpira huo ni mwembamba, umelowa oili nyeusi na umekaa juu ya chuma cheusi kwenye kona yenye giza. Usipopitisha kidole au kitambaa, huuoni. Filta mpya inakuja na pete yake, inafungwa juu ya ile ya zamani, inakaza vizuri tu mkononi, na kwa kuangalia kila kitu kipo sawa.

Injini ikiwaka, pampu inasukuma oili kwa presha. Pete mbili zilizolaliana hazina kitu cha kuzishikilia kati yake; moja inateleza pembeni, na oili inatoka kama bomba la maji lililopasuka. Wakati mwingine hutokea hapohapo gereji, na hiyo ni bahati. Wakati mwingine pete zinavumilia mpaka unapokanyaga mafuta barabara kuu, na injini inabaki karibu tupu ndani ya dakika chache.

Kinga yake ni rahisi: mwambie fundi akuonyeshe filta iliyotoka. Pete iko mdomoni? Basi haikubaki kwenye injini. Haipo? Itafutwe kabla filta mpya haijafungwa. Ukiwa na wasiwasi na gereji yenyewe, filta ya zamani ichore alama kwa msumari kabla haijatolewa, maana yapo malalamiko ya filta kuukuu kufutwa kwa petroli na kurudishwa huku ile mpya uliyoinunua ikibaki kwenye droo. Hilo si kosa tena, ni wizi, na linashughulikiwa kwa namna yake.

Galoni ya lita nne

Injini ya IST ikibadilishwa oili pamoja na filta inachukua lita 3.7. Galoni inayouzwa dukani ni ya lita 4. Ndani ya mililita 300 hizo zinazobaki kuna hadithi nzima ya kutoaminiana kati ya mteja na fundi.

Fundi akibakiza kiasi kwenye galoni, mteja anamtazama kwa jicho la pembeni: huyu ananipunja oili yangu akauze. Kwa hiyo fundi anayetaka kujisafisha anamimina galoni yote, tena anaigeuza juu chini mteja aone hata tone halikubaki. Na kama oili ya zamani ilimwagwa injini ikiwa ya baridi, nyingine ilibaki ndani, basi injini inaondoka na zaidi ya kiwango. Kuzidi kidogo juu ya alama ya mwisho hakuui gari. Kuzidi kwa nusu lita au lita nzima ni habari nyingine: kreniki shafti inaanza kuipiga oili kama mtu anayepiga mayai, inatoa povu, na povu ni hewa. Pampu ikivuta hewa, presha inashuka. Sili za injini zinaanza kuvuja, oili inapanda kuingia kwenye njia ya hewa, bomba linatoa moshi wa bluu. Tiba ni kulegeza nati na kumwaga iliyozidi, kazi ya dakika tano.

Upande wa pili wapo wanaoondoka na oili pungufu, kwa sababu fundi alidhani galoni ya lita 4 inatosha gari lolote. Inatosha IST. Haitoshi Harrier ya injini kubwa, na kwa Land Cruiser ya dizeli ni chini ya nusu. Kwenye magari mengi madogo tofauti kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki ni karibu lita moja, kwa hiyo kijiti hicho kinasema ukweli wa kutosha kwa anayekisoma: gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa dakika tano, kijiti kimefutwa, kikarudishwa, kikatolewa tena.

Mililita 300 zilizobaki ni zako. Funga kifuniko, weka kwenye buti, utaongezea mbele ya safari.

Kufungua tundu lisilo lake

Kosa hili huwakuta zaidi wenye Subaru na magari ya giaboksi ya CVT, ingawa hakuna gari lililokingwa. Chini ya gari kuna nati zaidi ya moja za kumwagia. Ya injini ni moja, ya giaboksi ni nyingine, na kwenye Subaru iko pia ya difu ya mbele, zote zikiwa jirani. Anayefungua kwa mazoea ya Toyota anamwaga ya giaboksi akidhani ni ya injini. Kisha anapanda juu na kumimina galoni mpya kwenye injini ambayo haikutolewa hata tone. Gari linatoka na majeraha mawili: giaboksi kavu na injini iliyojazwa karibu mara mbili.

Rangi inatoa siri mapema. Oili ya injini iliyotumika hutoka nyeusi au kahawia iliyokoza. Ya giaboksi, ile ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, mara nyingi ni nyekundu, na kwenye baadhi ya CVT ni ya kijani. Kwenye beseni ikionekana nyekundu safi na wewe ulikuja kubadilisha oili ya injini, simamisha kazi. Hapo bado hakuna kilichoharibika: gari halijawashwa.

Likishawashwa na kuingizwa gia, mambo yanabadilika. CVT hushika mkanda au mnyororo wake kwa presha ya haidroliki. Presha ikikosekana, mkanda au mnyororo unateleza na kukwaruza puli, na mikwaruzo hiyo haifutiki kwa kujaza upya. Aidha, kujaza penyewe kuna mtego. CVT ya Nissan ina haidroliki yake, ya Subaru ina yake, ya Honda ina yake. Fundi anayetaka kufuta kosa haraka kwa kumimina haidroliki yoyote iliyopo dukani anaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

"Weka arobaini, bosi"

Kuna kosa lisilovuja wala kupiga kelele. Kitabu cha gari kinasema 5W-30, pengine 0W-20, na fundi anashauri SAE 40 au 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja inasikika vizuri, lakini inasahau themostati. Injini ikishapata moto hufanya kazi kwenye joto la takriban nyuzi 90, iwe Sapporo kwenye theluji au Temeke saa nane mchana. Namba ya pili kwenye galoni ndiyo inayoeleza uzito wa oili ikiwa ya moto, na kiwanda kiliichagua kwa kuangalia upana wa njia za oili ndani ya injini. Oili nzito huchelewa kupanda asubuhi, na injini za VVT-i zinazotegemea presha ya oili kurekebisha muda wa valvu hazipendi kucheleweshwa.

Hata hivyo tuwe wa haki. Vitabu vya magari mengi hutoa nafasi ya kuchagua zaidi ya aina moja, na injini iliyochoka inayokula oili inaweza kupewa nzito kidogo kwa makusudi. Kosa ni kubadilishiwa bila kuulizwa. Oili yenye uzito usiotarajiwa si sababu ya kuita bredauni. Ni sababu ya kurudi gereji wiki hiyohiyo na kudai wamwage, waweke inayotakiwa.

Oili feki ni balaa jingine. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na viwango vya ubora na Shirika la Viwango, TBS, lakini kwenye benchi la gereji mkaguzi wa kwanza ni wewe. Fungua galoni mwenyewe, hakikisha kizibo kilikuwa hakijaguswa, na ukimaliza toboa galoni tupu. Galoni nzima yenye lebo safi ina soko kwa wanaojaza oili iliyochujwa.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kununua oili wenyewe Kariakoo na kwenda nayo. Ni busara, mradi wajue bei yake nyingine: likitokea tatizo, jibu la kwanza la gereji litakuwa "oili ulileta mwenyewe." Ukienda na oili yako, tunza risiti ya duka, na hakikisha risiti ya gereji inaandika aina na kiasi kilichowekwa.

Dakika kumi kabla ya geti

Ukaguzi wa maana unafanyika kabla hujalipa. Baada ya kuona filta ya zamani na pete yake, mwambie fundi awashe injini ukiwa unatazama dashibodi. Taa nyekundu yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone itawaka sekunde chache, filta mpya ikijaa, kisha izime. Ikikaa sekunde kumi bado inawaka, zimeni. Acheni injini iungurume dakika mbili tatu, mchungulie chini kwa tochi ya simu: kwenye nati, kwenye filta. Zimeni, msubiri dakika tano, mpime dipstiki tena, kwa sababu filta imeshakunywa sehemu yake. Kifuniko cha kujazia kimefungwa? Kijiti kimerudi? Kitambaa hakikusahauliwa juu ya injini?

Kama huwezi kukaa gereji, waombe wakutumie picha za filta, dipstiki na kilomita kwa WhatsApp. Fundi anayejiamini hakasiriki kuombwa hivyo. Lipa kwa njia inayoacha alama, iwe risiti ya EFD au ujumbe wa malipo ya simu, na usiufute ujumbe huo. Usiku tandika kipande cha boksi chini ya gari. Asubuhi boksi likiwa kavu, umevuka hatari kubwa. Pima oili tena baada ya siku chache, basi.

Taa ikiwaka njiani

Ile taa nyekundu haipimi wingi wa oili, inapima presha. Ikiwaka unapoendesha, maana yake oili haifiki inakotakiwa sasa hivi. Weka gari pembeni na uzime injini. Si mbele kidogo kwenye sheli, si nyumbani kwa kuwa pamekaribia. Beringi za konrodi huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika, dakika moja au mbili zinatosha kuzila. Mlio wa kugonga unaosikika baadaye, ule ambao mafundi wanausikia na kusema injini imenoki, ni wa beringi ambazo tayari zimekwisha.

Ukishazima, usikimbilie kusafisha wala kujaza. Piga picha: dipstiki, chini ya gari, mchirizi barabarani, dashibodi yenye kilomita. Kisha ipigie simu gereji iliyofanya kazi, na uwaandikie ujumbe pia, ili saa na tarehe vibaki. Waambie gari lilipo na kwamba halitawashwa. Waje wao, au livutwe. Kosa ambalo wateja wengi hulifanya kwa hasira ni kumwita fundi mwingine wa jirani akafungua kila kitu. Gereji ya kwanza ikifika itasema, "umeshaigusa," na kusema kweli itakuwa na hoja. Fundi wa pili ni muhimu, lakini aje wa kwanza akiwepo, au baada ya kuwa amekataa kuja, na atakachokiona akiandike na kutia saini.

Filta, pete zake zote mbili, nati iliyodondoka na oili kidogo iliyobaki kwenye sampu: vyote hivyo ni vyako, viweke kwenye mfuko. Hivyo ndivyo vitakavyozungumza maneno yakiwa mengi.

Nani analipa nini

Mazungumzo huharibika pale mteja anapodai injini wakati kilichoharibika ni gasketi, au gereji inapotoa gasketi wakati kilichoharibika ni injini. Kwa hiyo kwanza upimwe uharibifu. Kama taa haikuwaka na oili haikushuka chini ya alama, gereji irudie kazi bure, na oili mpya iwe juu yake. Kama taa iliwaka hata kwa muda mfupi, usikubali kujaziwa na kuambiwa "iko poa." Dai presha ya oili ipimwe kwa geji. Filta ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe, ionekane kama ina chembe za chuma zinazometa. Oili ichujwe kwenye kitambaa cheupe. Kukiwa na chembe, sampu ishushwe na beringi zitazamwe kwa macho. Injini ikipita majaribio hayo, andikianeni kwamba ikinoki ndani ya muda mtakaokubaliana, gereji inawajibika.

Injini ikiwa imekufa, suluhisho la kawaida mjini ni injini ya mtumba kutoka Japani. Hapa hesabu zifanywe zote. Namba ya injini ipo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kubadili injini kunakupeleka TRA kurekebisha kadi, na gharama hiyo pamoja na ya kuvuta gari ni sehemu ya hasara. Injini ya mtumba iwe na dhamana ya maandishi. Wala usitegemee bima: hata bima kubwa kwa kawaida hailipi uharibifu wa kimitambo.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na kifungu chake cha 73 kinampa aliyeumizwa haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na upande wa pili kutotimiza wajibu wake. Lakini kinataka pia itazamwe kama mdai alikuwa na njia ya kupunguza hasara hiyo. Aliyeendesha kilomita 20 taa ikiwaka atakutana na swali hilo mahali popote atakapopeleka shauri lake. Kenya wana njia fupi zaidi: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60.

Kabla ya mahakama, kwetu kuna ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi ana familia, ana eneo, ana jina la kulinda. Anapokaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kuandika kwamba atalipa kwa awamu tatu, na mashahidi wakatia saini, mara nyingi analipa. Nenda na karatasi moja inayosema gari lilifanyiwa nini, lini, kikatokea nini, unadai kiasi gani na kwa mchanganuo upi. Ukali wa sauti hauongezi kitu kwenye karatasi hiyo.

Kwa upande wa gereji, mnyororo wa kuficha unakatwa juu, haukatwi chini. Fundi mkuu anayemzaba kofi spana boi kwa kukata uzi anamfundisha kitu kimoja tu: siku nyingine apake silikoni na anyamaze. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na ni vyema wengi zaidi wakaufuata, lakini cheti hakimfanyi mtu aseme "nimekosea." Hilo hutokana na gereji ambamo anayesema hivyo habebeshwi mzigo peke yake, na ambamo kila gari lililomwagwa oili linapitiwa na jicho la pili kabla ya kutoka.

Wateja nao wana nafasi ya kuamua gereji za aina gani zitabaki. Tumezoea kusifia fundi asiyekosea, na huyo hayupo. Gereji ikikupigia simu saa mbili usiku kukwambia usiwashe gari asubuhi, wanakuja wenyewe, kwa sababu wakati wa kufagia wameokota filta yako ya zamani na pete yake haipo, hiyo usiihame.